Barua ya Wazi kwa Wasanifu wa Bustani ya Bonde la Msimbazi

Waheshimiwa wahandisi, wasanifu wa mandhari na wasimamizi wa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi,

Naomba ruhusa niseme nanyi hadharani, kwa kuwa nililo nalo si siri wala si mashtaka, bali ni ombi ambalo naamini wakazi wengi wa kingo mbili za mto huu, kutoka Kigogo hata Hananasif na kutoka Mchikichini hata Upanga, wangelitia saini kama wangeletewa karatasi. Ombi lenyewe ni fupi, ijapokuwa sababu zake si fupi. Bustani mnayokusudia kuipamba bondeni msiimalize ofisini. Mkondo wa maji uchoreni mpaka nukta ya mwisho, maana maji hayangojei shauri la mtu. Lakini njia za miguu, vivuli, viwanja vya mpira, vivuko, mahali pa kupumzikia na mahali pa kuuzia, sehemu yake iacheni tupu katika ramani, hata watu wa kila mtaa waione ardhi ile mpya ikipitiwa na masika moja, kisha waketi pamoja nanyi na kuijaza.

Bonde hili halichorwi leo kwa mara ya kwanza. Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza iliichorea Dar es Salaam ramani kuu, ambayo ndani yake mabonde na ardhi za wazi zilifanywa mapitio ya upepo, jina la kupendeza kwa kitu ambacho kazi yake nyingine ilikuwa kuyatenga makazi ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika yasije yakagusana. Baada ya uhuru zikaja ramani mbili nyingine, ya 1968 na ya 1979, zote mbili kazi ya makampuni ya Kanada, nazo zikaendelea kulihesabu bonde la Msimbazi kuwa si ardhi ya kujengea makazi. Sitawadhihaki waliochora, kwa sababu katika habari ya hatari hawakukosea: maji yalipita walikosema yatapita. Walichokikosa ni kingine. Bonde kwao lilikuwa rangi ya kijani isiyo na mtu ndani yake, haina kazi, haina mlinzi, haina jirani aliyeulizwa anaitakia nini. Na ardhi iliyo mwendo wa miguu tu kutoka Kariakoo, isiyo na kazi wala mlinzi, haiwezi kukaa tupu katika mji unaopokea kila mwaka maelfu ya watu wasio na pa kulala. Aliyejenga chumba chake bondeni hakuwa mjinga wa mafuriko. Aliyajua barabara, ila alipima maji yanayokuja msimu mmoja katika mwaka na nauli inayodaiwa kila asubuhi, akachagua.

Utazameni, kwa upande wa pili, uwanja wa Mnazi Mmoja. Huo nao serikali ya kikoloni iliuacha wazi kwa nia isiyo njema, uwe mpaka kati ya mji wa biashara na Kariakoo ya Waafrika. Lakini watu waliupita, wakaukalia, wakachezea mpira, wakasimama kusikiliza hotuba, hata leo pamesimama pale mnara wa Mwenge wa Uhuru, na hapana mchoraji wa zama zile aliyelikusudia hilo. Uwanja ule na bonde letu viliachwa wazi kwa kalamu za watu wa namna moja, na aliyevitofautisha mwisho wake ni mtumiaji, ambaye kwa mmoja alipata nafasi ya kufanya shughuli yake mchana mbele ya macho ya watu, na kwa mwingine akaingia kwa kujificha.

Sina haja ya kuwakumbusha Desemba 2011, ambapo mji ulikuwa haujashusha bendera za sherehe ya miaka 50 ya uhuru, ikanyesha mvua ambayo watabiri wa hali ya hewa walisema mfano wake haukuonekana tangu 1954, watu wapatao 40 wakafa, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Wala sitaki kuwanyima haki yenu. Mwaka 2018, kabla ya kuchora, wataalamu waliwaita watu wa mitaa, wa serikali, wa vyuo na wa mashirika, wakaketi pamoja kwa miezi katika mashauri ya usanifu. Na mwezi wa Aprili, mashauri yakiwa hayajesha, mto wenyewe ukahudhuria, ukafurika na kuifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani. Katika mashauri yale ndimo ulimotoka mpango ambao mwaka 2022 ulipata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia, na ambao leo tunauona ukitendeka: fidia zimelipwa, nyumba zimeondolewa, mashine zimeingia. Insafu inataka jambo hilo lisifiwe, kwa sababu miradi mingi ya miji yetu haikuwahi kumuuliza mtu yeyote hata swali moja. Lakini kuulizwa mwaka 2018 kama bonde liwe bustani, na kuulizwa sasa kama mwembe uote upande huu wa njia au ule, ni maswali mawili mbalimbali, na naona kwamba la pili, dogo lilivyo, ndilo litakaloamua kama bustani itapata watu au itapata magugu.

Maarifa ya wakazi ni maneno yaliyoandikwa katika ripoti nyingi hata yamechuja, kwa hiyo naomba niyaonyeshe badala ya kuyasifu. Katika nyumba zilizobaki pembezoni mwa bonde utaikuta michirizi ya tope kwenye ukuta wa sebule, mmoja juu ya mwingine, na mwenye nyumba ataweka kiganja juu ya mmoja na kukwambia huu ni wa mwaka wa Mabwepande, akakishusha kidogo na kusema huu wa juzi juzi. Kizingiti cha mlango kimeinuliwa kwa matofali mawili ya saruji. Kitanda kimepandishwa juu ya mengine manne. Soketi ya umeme imewekwa usawa wa kichwa cha mtu mzima. Na nje, ubavuni mwa nyumba, magunia ya mchanga yamepangwa kwa mshazari, si kwa kuyazuia maji, ambayo hayazuiliki, bali kuyapinda yaingie uchochoroni badala ya chumbani. Mtu huyu hakusomea usanifu, lakini kila alichokiweka pale kimewekwa kwa kipimo, na kipimo chake kimehakikiwa na mto.

Muulizeni huyo huyo kwa nini mvua fulani ya mwezi wa nne ilileta balaa, na nyingine kubwa kuliko hiyo, mwezi huo huo, ikapita kwa salama. Atawajibu kwamba ile ya kwanza ilikutana na bamvua. Mto unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka kilomita zipatazo 35, unapokea maji ya Sinza na ya Ubungo yaliyoteremka juu ya mabati na zege pasipo udongo wa kuyanywa, na ukifika horini, karibu na daraja la Selander, siku za mwezi mchanga au mwezi mpevu, unaikuta bahari imejaa hata mikoko haionekani ila vichwa, haina pa kuyatia maji mengine. Basi yanarudi nyuma na kupanda Jangwani ilhali mbingu imekwisha kunyamaza. Hilo mnalo katika hesabu zenu, sina shaka. Lakini ninyi mnalo kwa mita na nyuzi, naye analo kwa uchochoro: anajua upi hutangulia kujaa, ni wapi mchanga wa Pugu hulala na kuinua kitako cha mto, kivuko gani hugeuka kisiwa na watoto wa shule wakabaki upande wa pili. Tangu mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na vijana wa mitaa walizunguka na simu mikononi katika kazi ya Ramani Huria, wakiandika mifereji, njia na mipaka ya mafuriko kwa kuwauliza wenyeji, na ramani zile zikawafaa wataalamu waliopanga kujikinga na maafa. Ikiwa neno la mkazi lilitosha kuchorea maafa, sioni kwa nini lisitoshe kuchorea faraja.

Yako na mambo ambayo mkazi hayasemi mbele ya mgeni mwenye daftari. Mvua inapokaza usiku, wapo wanaotapisha vyoo, wakaiachia mitaro kazi ambayo gari la kunyonya lingeifanya kwa fedha wasizo nazo; na yale yanayotapishwa Kigogo na Mburahati hayana njia nyingine ila kupita katika bustani yenu. Msanifu asiyelijua hilo ataweka ngazi nzuri za kushukia majini mahali ambapo mama wa pale hatamruhusu mwanawe kukanyaga, kisha atashangaa ngazi zimekosa watoto. Habari ya namna hii haitolewi katika ukumbi wa hoteli. Hutolewa kibarazani, na aghalabu siku ya tatu, baada ya watu kufahamiana na mgeni kukubali kikombe cha chai.

Hapo ndipo namna ya kuuliza inapokuwa sehemu ya jibu. Mkutano wa saa tatu asubuhi, wenye viyoyozi na mchoro wa rangi unaotupwa ukutani kwa mashine, humleta mjumbe yule yule aliyekuja mkutano wa jana kuhusu mambo mengine (na posho, niseme wazi, huchagua wajumbe kabla mwenyekiti wa mtaa hajachagua). Saa hiyo mama lishe yuko mbele ya sufuria, kijana wa kuosha magari yu katika povu, mchuuzi wa samaki ndiyo kwanza anarudi kutoka soko la Feri, na mlemavu anayesukuma baiskeli yake ya magurudumu matatu hata kama angetaka kuja hana wa kumpandisha ngazi. Nawashauri mfanye kazi ambayo haihitaji mashine wala ukumbi: chukueni vigingi na kamba, mshuke bondeni jioni baada ya alasiri, mzichore njia zenu juu ya ardhi yenyewe kwa vipimo vyake vya kweli, kisha mwache watu wazipite. Mtaona mara moja wapi mzee anasimama kupumzika, kwa hiyo wapi panataka kiti; wapi wanawake wanaikata kona na kuiacha njia yenu kwa sababu kichaka kimewafichia lililo mbele yao; wapi watoto wameivuka kamba wakaendelea na mchezo kana kwamba haipo. Kusogeza kigingi hakugharimu kitu, ilhali kusogeza zege kunadai mkataba mpya. Na michoro itakayobandikwa katika ofisi za serikali za mitaa iwe na maandishi ya Kiswahili na alama ambazo mtu anazijua, msikiti ule, kisima kile, mwembe wa mahali fulani, badala ya herufi na tarakimu ambazo maana yake imo katika jedwali la ukurasa wa mwisho.

Wakulima wa mchicha nataka niwasemee peke yao, kwa kuwa nina khofu kwamba ndio watakaosahauliwa. Tangu zamani matuta ya mchicha, matembele na bamia yamekuwa yakilimwa kando ya Msimbazi, na mboga zake zimeliwa na mji mzima, na waliokuwa wakiyadharau makazi ya bondeni wakiwemo. Wataalamu wa afya wamesema kwa miaka mingi kwamba maji yale, yanayopokea machafu ya viwanda, ya machinjio na ya majumba, huacha madini yenye sumu katika udongo na katika majani, nami siwezi kuwapinga. Lakini kutoka katika ukweli huo zinatoka njia mbili. Ya kwanza ni kuwafukuza wakulima na kupanda nyasi za kutazamwa, ambazo zitadai kunyweshwa na kukatwa kwa ujira wa manispaa. Ya pili ni kuketi nao, kuupima udongo tuta kwa tuta wakiona, kuwaonyesha pasipofaa chakula, na pale wapewe miche ya maua, ya miti ya kivuli, ya minazi ya mapambo, ambayo soko lake katika mji huu halina haja ya kutafutwa, kwa kuwa vitalu vya miche vimejipanga kando ya barabara zetu nyingi na havikosi wanunuzi. Mkulima aliyezoea kuinuka alfajiri kumwagilia ni mtunza bustani mliyekwisha kufundishiwa bure. Sijui ni hekima gani itakayomwondoa yeye leo, kisha kesho itangaze zabuni ya kumtafuta mwingine.

Nje ya nchi yetu mambo haya yamekwisha kujaribiwa, na mifano haifanani. Huko Seoul, katika Korea ya Kusini, mto Cheonggyecheon uliokuwa umefunikwa na barabara ya juu ulifunuliwa tena na kufunguliwa mwaka 2005, kilomita karibu sita za maji katikati ya mji mkuu, na wageni wa dunia wanauendea kuustaajabia. Ulikamilishwa kwa miaka miwili na kitu, kwa amri ya meya mwenye haraka. Kamati ya wananchi ilikuwapo, lakini iligombana na wakubwa juu ya masalia ya kale na rai yake haikupewa uzito. Wachuuzi wa barabarani waliokuwa wakijipatia riziki pale walihamishiwa katika uwanja wa michezo wa Dongdaemun, na miaka michache baadaye uwanja wenyewe ukavunjwa. Maji yanayopita leo yanavutwa kwa pampu. Ni mahali pazuri, sikatai, ila uzuri wake una orodha ya watu walioulipia ambao hawakukaribishwa kuufungua.

Mfano wa pili si maarufu, nami naupenda zaidi. Katika miaka ya 1980, huko North Richmond, California, kitongoji cha watu weusi wenye kipato kidogo kilichokuwa kikifurika na kijito cha Wildcat, wahandisi walikuwa na mpango wa kukitia kijito katika mfereji mnyoofu usio na mti. Wakazi, wakisaidiwa na wapenzi wa vijito na wataalamu waliokubali kuwafanyia kazi, wakaleta mchoro wao: mkondo mdogo wenye kupinda kwa maji ya kila siku, uwanda wa kando ulioshushwa ili upokee mafuriko, miti kingoni ya kutia kivuli majini, na njia ya kupita watoto. Baada ya mabishano marefu ndio uliojengwa kwa sehemu kubwa, na ukawa darasa kwa wahandisi wa mahali pengine. Haukuwa mkamilifu, mchanga uliwasumbua na marekebisho yakafanywa baadaye. Ila walioyadai marekebisho hayo walikuwa ni wale wale wa kitongoji, kwa sababu kijito kilikuwa kimekwisha kuwa chao.

Mtaniambia kwamba wakazi hawana kauli moja, nami nakubali. Kijana anataka uwanja wa mpira pale ambapo mzee anataka kivuli cha bao, mwenye kibanda anataka kituo cha bodaboda mbele yake, na mama wa jirani anataka kituo hicho kiwe Kigogo au mbali zaidi. Wako pia walaghai, na wako wenye kusema kwa niaba ya watu ambao hawakuwatuma. Mtaniambia tena kwamba kina cha mkondo, upana wa daraja na kimo cha tuta la kingo havipigiwi kura, na hapo nakubali maradufu: sipendi kuvuka Jangwani juu ya daraja ambalo nguzo zake zimepimwa kwa mikono iliyoinuliwa. Nisilolikubali ni kuchanganya mambo mawili. Yako yanayotawaliwa na hesabu, nayo ni ya mhandisi. Na yako yanayotawaliwa na mazoea, aibu, khofu ya usiku, sala, mchezo na riziki, nayo hayamo katika hesabu zozote, na mwenye elimu yake ni yule anayeyaishi. Ugomvi wa wakazi juu ya kivuli na mpira hautawakawiza sana. Ugomvi huo huo ukizikwa sasa, utafufuka bustani ikiisha kufunguliwa, nao utatafuta hukumu kwa kung'oa viti.

Wala hamna haja ya kwenda California kutafuta ushahidi, maana upo kando yenu. Hananasif, juu ya ukingo wa bonde hili hili, katika miaka ya 1990 wakazi walishirikiana na serikali, na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, na mashirika ya Umoja wa Mataifa, wakajenga mifereji ya mvua na njia za mtaa wao kwa mikono yao wenyewe, wakilipwa ujira, wanawake wakiwamo katika vikosi vya kazi, chama chao cha mtaa kikiwa mshiriki na si mtazamaji. Mambo mengi yaliandikwa juu ya Hananasif katika vitabu vya mipango miji, hata jina la mtaa ule linajulikana katika vyuo ambavyo walimu wake hawajawahi kukanyaga Kinondoni. Nitoe neno moja tu. Mtu aliyechimba mfereji kwa jembe lake humkaripia jirani anayetupa taka ndani yake, na karipio la jirani hufika saa ambayo bwana afya wa manispaa amelala.

Kwa hiyo utunzaji wa bustani msiuweke katika sura ya mwisho ya mpango. Uanze katika usanifu. Yule atakayefagia, atakayepogoa mikoko michanga, atakayezibua kalvati kabla ya masika, ajulikane sasa, aulizwe sasa ni kifaa gani anakiweza na mti gani unamwaga majani yanayoziba mitaro, na ajira hizo zihesabiwe kwa watu wa mitaa inayopakana na bonde kabla ya mtu mwingine.

Wapo pia waliokwisha kuondoka. Walipokea fidia au walipokea viwanja vya mbali, na katika majedwali yenu ni watu waliokamilishwa. Kwa sheria yawezekana ni hivyo. Lakini hao ndio waliokaa na maji kwa miaka mingi kuliko sote. Wanajua chini ya nyasi mnazopanda mna nini, kisima cha nani kilifukiwa wapi, wapi palizikwa kifusi na wapi panazama. Waiteni, na nauli muwape. Na pale mtakapogawa majina ya njia na viwanja, tafadhali majina ya vichochoro vyao yasipotee ili kupisha majina ya wafadhili.

Kuhusu uzio, nitasema kifupi na kwa ukali kidogo kuliko niliposema mengine. Nimesikia watu wakinong'ona kwamba bustani itazungushiwa ukuta na mlangoni patakuwa na kiingilio. Natumaini ni uvumi. Bonde ambalo limewahi kuwa mpaka wa rangi, kisha likawa kimbilio la fukara, haliwezi kwa uadilifu kuwa mahali ambapo mtoto wa Magomeni anachungulia kupitia vyuma akitazama pale alipozaliwa. Ikiwa usalama wa usiku ndio unaowatia wasiwasi, wekeni taa, wekeni wachuuzi wenye vibali hadi saa nne, wekeni misikiti na makanisa ya jirani katika kamati. Mahali penye watu hujilinda.

Najua pingamizi lenu kubwa halitatoka katika fikra bali katika mkataba. Mkandarasi hulipwa kwa vipimo, mkopeshaji hutaka michoro iliyotimia, mkaguzi huuliza ni wapi fedha hii ilipoandikwa, na nafasi tupu katika ramani huonekana kwao kuwa uzembe. Mwenye mamlaka hakosi njia ya halali. Fungu la fedha laweza kutengwa kwa kila kata, likaitwa kwa jina lake katika mkataba, likawa halifunguliwi mpaka masika ya kwanza baada ya kazi ya udongo yawe yamepita na mkutano wa mtaa uwe umeketi. Kazi ndogo ndogo zitokanazo na hapo, viti, njia, vibanda, vivuli, zikapewa mafundi wa mitaa kwa mikataba midogo ambayo sheria ya manunuzi inayo nafasi nayo. Na kila shauri la wakazi litakalokataliwa, lijibiwe kwa maandishi, kwa sababu iliyotajwa. Mtu haoni uchungu sana kukataliwa kama aonavyo uchungu kutojibiwa.

Masika huanza mwezi wa tatu. Nawaomba kabla ya hapo mtangaze, kwa Kiswahili na katika ofisi ya kila mtaa unaopakana na bonde, ni sehemu zipi za mchoro ambazo hazijafungwa, nani mwenye kuzishika, na siku ambayo mtashuka na vigingi vyenu. Pitieni kalenda ya maji mkaichague siku ya bamvua, ili sote tuanze kusogeza kamba tukiwa tunaliona hori limejaa. Vigingi tunaweza kuvichonga wenyewe.

Ndimi, kwa heshima,

Mkazi wa Magomeni